Margaret Alipataje Kuitwa Peggy?

Swali la msomaji wa Muheza, kwa kifupi: bibi yake mzaa mama alisoma shule ya misheni, na cheti chake cha ubatizo kinasema Margaret. Baada ya mazishi, sandukuni zimekutwa barua alizoandikiwa na mwalimu wake wa zamani, mama wa Kiingereza, na zote zinamwita Peggy. Wajomba wanashikilia kwamba Peggy ni mtu mwingine na barua si za marehemu. Msomaji anataka kujua kama hayo ni jina moja, lina maana gani, na ikiwa mtoto wa mdogo wake atarithi jina la bibi, kwenye cheti cha kuzaliwa waandike lipi.

Dada, wajomba zako wana haki ya kushangaa. Ukiyaweka majina hayo sambamba huoni undugu wowote isipokuwa herufi g na e. Hata hivyo ni jina moja. Peggy ni jina la kudekeza la Margaret, la zamani na la kawaida mno kwa Waingereza, kiasi kwamba mwalimu yule asingeona haja ya kulieleza. Lilivyofika huko ni hivi: Margaret ikakatwa ikawa Mag, Mag ikawa Meg, Meg ikawa Peg, na Peg ikaongezewa mkia ikawa Peggy. Kila hatua ina sababu yake, na ukizishika hatua hizo utaweza kufungua majina mengine mengi ya Kiingereza yanayosumbua watu kwenye vyeti na barua za wazee.

Tuanze na kukata. Waingereza hulitamka Margaret kwa kuweka mkazo mwanzoni, MAR-garet, na mtu anapofupisha jina hubakiza pale penye mkazo. Kikabaki kichwa, Marg, kisha r ikadondoka. Hiyo r kabla ya konsonanti nyingine ni ya kwanza kuondoka katika majina ya namna hii: Barbara akawa Bab, Martha akawa Mat, na Margaret akawa Mag. Waitaliano wana jina lilelile, Margherita, lakini mkazo wao uko kwenye -ri-, kwa hiyo wao hutupa kichwa na kubakiza mkia: Rita. Mtakatifu Rita wa Cascia, ambaye akina Rita wengi wa parokia zetu wana jina lake, alibatizwa Margherita, na alitangazwa mtakatifu mwaka 1900. Wajerumani, kwa Margarete yao yenye mkazo karibu na mwisho, wakapata Grete, na Waskandinavia wakapata Greta. Kwa hiyo Maggie, Rita na Greta ni wasichana wa jina moja waliokatwa sehemu tofauti. Sisi wenyewe, wenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tumemfanya Khadija kuwa Dija na Rashidi kuwa Chidi, yaani tumebakiza mkia kama Waitaliano. Si kanuni ya chuma, maana tuna Rama wa Ramadhani na Sele wa Selemani, lakini inaonyesha kwamba anayefupisha jina hakati kwa bahati nasibu.

Hatua ya pili ni kubadili irabu. Mag, Meg na Mog yote yalitumika Uingereza kwa akina Margaret, na hakuna siri kubwa hapo. Irabu fupi ya jina la silabi moja hubadilika kirahisi kutoka mkoa hadi mkoa na kutoka nyumba hadi nyumba. Kitu cha kuangalia ni Madge, ambalo watu hulidhani ni Mag lililoandikwa vibaya. Hilo limetokea upande mwingine wa jina, kwenye umbo la Kifaransa Margerie, ambalo Waingereza waliliandika Margery na baadaye pia Marjorie, ambamo g husikika kama j. Margaret ana g ngumu, kwa hiyo hutoa Mag, Meg na Peg. Margery ana g laini, kwa hiyo hutoa Madge. Wote wawili ni wa shina moja.

Hatua ya tatu ndiyo inayowachanganya wajomba zako, nayo ni m kugeuka p. Fanya jaribio dogo: bana pua kwa vidole viwili, kisha sema Meg. Utasikia kitu kama Beg. Sauti m ni nazali ya midomo. Midomo inafungwa, hewa inapita puani. Ukiziba pua, hewa haina pa kwenda ila kupasuka midomoni, na hapo unapata b, au ndugu yake asiye na mghuno, yaani asiyetetemesha koo, p. Mahali pa kutamkia ni palepale, kilichobadilika ni mlango wa hewa tu. Kwa majina ya kike yanayoanza na m, Waingereza walizoea kwenda kwenye p: Meg na Peg, Molly na Polly, Matty na Patty. Ukiona jina la kudekeza la kike la Kiingereza lenye P mwanzoni, na hujui asili yake, rudisha m mahali pa p na ujaribu tena.

Lakini ukaribu wa sauti hauelezi kwa nini watu walihitaji kubadilisha. Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa majina. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya Kiingereza cha kale yaliachwa polepole na watu wakang'ang'ania machache yaliyoletwa na watawala pamoja na yale ya watakatifu. Kufikia karne ya 14, zaidi ya nusu ya wanaume walioandikwa kwenye hati waligawana majina matano hivi: John, William, Thomas, Robert na Richard. Kwa wanawake hali ilikuwa ya namna hiyohiyo. Msimamizi wa ubatizo mara nyingi ndiye aliyempa mtoto jina lake, kwa hiyo hata ndugu wawili walio hai, wa tumbo moja, wangeweza kuitwa jina moja. Ukiita Robert mtaani wanageuka kumi. Ndipo watu wakafupisha, kisha wakabadilisha sauti ya kwanza ili kila mmoja apate lake lenye mlio unaofanana na la mwenzake: Rob, Hob, Dob, Nob, na baadaye Bob.

Mabaki ya mchezo huo yamo kwenye majina ya ukoo hadi leo. Hobbs, Hobson na Hopkins ni uzao wa Hob. Dobson ni mwana wa Dob, yaani wa Robert. Richard alikuwa Rick, Hick na Dick, ndiyo maana kuna Hicks na Dixon. Roger alikuwa Hodge na Dodge, wakatokea akina Hodgson na Dodgson. Katika majina ya kudekeza yenyewe, Hob na Dob yamekufa, Bob na Dick yamebaki. William kuwa Bill ni jambo la baadaye kidogo, lakini kanuni ni ileile, kwani w na b zote hutengenezwa na midomo. Mfalme William wa Tatu, aliyetawala kuanzia mwaka 1689 hadi 1702, bado anaitwa King Billy huko Ireland ya Kaskazini. Na sisi tuna mfano wetu mdomoni kila siku: Rashidi angepaswa kuwa Shidi, lakini anaitwa Chidi. Sh imekuwa ch, jirani yake, kama m ilivyokuwa p.

Mkia wa -y au -ie ndiyo hatua ya mwisho. Ulienea kutoka Uskoti, ambako hadi leo hupendwa kuandikwa -ie, Maggie, Jeannie, Peggie. Kazi yake ni kulainisha. Peg ni jina la kuitana haraka, Peggy ni la kubembeleza. G inaandikwa mara mbili ili msomaji wa Kiingereza ajue irabu iliyotangulia ni fupi. Ukiona Peggie, Pegi au Pegeen kwenye hati, usidhani ni watu tofauti kabla hujakagua. Pegeen ni umbo la Ireland, ambako kuna pia Peig. Msimulizi mashuhuri wa visiwa vya Blasket, Peig Sayers, aliyeishi kuanzia 1873 hadi 1958, jina lake kamili lilikuwa Máiréad, ambalo ni Margaret kwa Kiayalandi. Huko Wales, Meg alipata mkia mwingine akawa Megan.

Kuna njia nyingine mbili za kubadili majina ambazo si za Peggy, lakini utakutana nazo kwenye barua hizohizo, kwa hiyo ni vizuri uzijue. Ya kwanza ni r kuwa l. Mary akawa Mal na Moll, kisha Molly, na kwa ile njia ya m na p akawa Polly. Sarah akawa Sally. Dorothy akawa Doll na Dolly. Harry akawa Hal, na kwa Shakespeare mwanamfalme atakayekuja kuwa Henry wa Tano anaitwa Hal na rafiki zake. Kimadende, yaani r, na kitambaza, yaani l, hupokezana katika lugha nyingi, na msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu.

Njia ya pili ni n inayotokea kama haina mwenyewe: Edward kuwa Ned, Ann kuwa Nan, Ellen kuwa Nell. N hiyo ilitoka kwenye neno la kumiliki. Zamani Waingereza walisema mine mbele ya irabu, mahali ambapo leo wangesema my. Mzazi aliyesema mine Ed, kwa maana ya Ed wangu, alisikika kama anasema my Ned. N ikahama kutoka neno la kwanza ikang'ang'ania la pili. Ni maneno ya mapenzi yaliyogandia kwenye jina. Nancy naye ametokana na Nan, ingawa siku hizi ni jina kamili linalojitegemea.

Watu walivyoyapenda majina haya waliyapa hata ndege. Ndege mweusi kwa mweupe wa jamii ya kunguru, ambaye Waingereza walimwita pie, walimwongezea Mag mbele akawa magpie. Robin, yule mdogo mwenye kifua chekundu, ana jina la kudekeza la Robert.

Sasa maana. Peggy lenyewe, likitengwa na Margaret, halina maana. Kuna neno la Kiingereza peg, lenye maana ya kigingi au kibanio cha nguo, lakini halihusiani na jina hili, ni kufanana kwa matamshi tu. Maana iko kwenye shina. Margaret limetoka Kigiriki, margarites, yaani lulu, na Wagiriki nao inaaminika walilichukua kutoka lugha za mashariki yao zilizo jamaa ya Kiajemi. Neno hilohilo la Kigiriki ndilo lililo katika Mathayo 13:45-46, kwenye mfano wa mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo apate lulu moja ya thamani kubwa. Bibi yako Margaret na msichana wa pwani anayeitwa Lulu wana jina la maana moja.

Jina lilienea Ulaya kwa heshima ya Mtakatifu Margaret wa Antiokia, ambaye wanawake wa zama za kati walimwomba awaombee wakati wa kujifungua. Uskoti lilipata nguvu ya pekee kwa Malkia Margaret, mke wa Mfalme Malcolm wa Tatu, aliyefariki mwaka 1093 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1250. Huku kwetu lilikuja na wamisionari. Likapata sauti zaidi mwaka 1956, Binti Mfalme Margaret alipozuru Afrika Mashariki. Hospitali mpya ya Dar es Salaam ikapewa jina lake, ndiyo Muhimbili ya leo. Kwa Kifaransa, marguerite ni pia jina la ua jeupe lenye kitovu cha njano, na kwa kuwa Waingereza huliita ua la namna hiyo daisy, baadhi ya akina Margaret wa Uingereza waliitwa Daisy. Hapo hakuna sauti iliyobadilika, ni mchezo wa maana kati ya lugha mbili.

Kuhusu uzito wa jina hilo ndani ya barua, soma kwa makini. Mwalimu wa Kiingereza wa enzi hizo aliyemwandikia mwanafunzi wake wa zamani kwa heshima ya kawaida angemwita Miss fulani. Aliyemjua vizuri angesema Margaret. Kumwita Peggy ni kumweka karibu kama mtoto wa nyumbani. Jina hili lilikuwa kwenye kilele chake kati ya miaka ya 1920 na 1940, na mwalimu wa umri huo huenda aliwahi kuketi darasani na akina Peggy kadhaa. Leo vijana wa Uingereza walio na jina la Margaret ni wachache, na wanaoitwa Peggy kwa kudekezwa ni wachache zaidi.

Hata hivyo nisingependa uende kwa wajomba ukisema kila Peggy ni Margaret. Wengi ndivyo walivyo. Peggy Shippen wa Philadelphia, mke wa Jenerali Benedict Arnold, alikuwa Margaret. Peggy Eaton, ambaye ugomvi juu ya ndoa yake ulichangia karibu baraza zima la mawaziri la Rais Andrew Jackson kujiuzulu mwaka 1831, alikuwa Margaret. Peggy Guggenheim, mkusanyaji wa sanaa, alikuwa Marguerite. Lakini mwimbaji Peggy Lee alizaliwa Norma Deloris Egstrom, hana Margaret popote. Mwanaanga Peggy Whitson, aliyezaliwa mwaka 1960, alipewa Peggy kama jina lake kamili.

Mtego mwingine unawanasa hata wazoefu: Margaret huweza kuwa jina la pili. Mwigizaji Peggy Ashcroft, aliyezaliwa mwaka 1907, jina lake lilikuwa Edith Margaret Emily. Peggy Appiah, binti wa waziri wa Uingereza Stafford Cripps, aliyeolewa na mwanasiasa wa Ghana Joe Appiah mwaka 1953 na baadaye kukusanya maelfu ya methali za Kiakan, aliitwa Enid Margaret. Ukimtafuta kwenye vitabu kwa Margaret kama jina la kwanza humpati. Faharasa nyingi za vizazi za Uingereza za karne ya 20 hufupisha jina la pili kuwa herufi moja, kwa hiyo mtu wa namna hiyo huonekana kama Enid M. tu. Anayetafuta Peggy asiishie kwenye jina la kwanza, aangalie kila M ya pili.

Na kinyume chake pia kipo, jina moja la kudekeza kuwa na wenyewe wawili. Patsy na Patty siku hizi hudhaniwa ni Patricia, lakini karne ya 18 walikuwa mara nyingi akina Martha, kwa njia ya Matty. George Washington alimwita mkewe Martha Patsy, na miongoni mwa binti za Thomas Jefferson walikuwamo Martha aliyeitwa Patsy na Mary aliyeitwa Polly. Nelly anaweza kuwa Ellen, Helen au Eleanor. Jack ni John, kupitia umbo la zamani Jankin, si James kama wengi wanavyodhani. Familia ya Kennedy ya Marekani inatosha kuwa funzo: John aliitwa Jack, Robert aliitwa Bobby, na Edward aliitwa Ted.

Kwa hiyo jina linafungua mlango, halimalizi kesi. Ili kuthibitisha kwamba Peggy wa barua ni bibi yako, fanya hivi.

Tafuta kwanza bahasha. Ndani mtu huandika jina la mapenzi, nje huandika jina ambalo posta na ofisi ya misheni wanalijua. Bahasha iliyoandikwa Margaret na jina la baba yake, ikiwa na barua ya Peggy ndani na tarehe zinazolingana, ni ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo yangu yote. Kama tarehe haipo, tazama mhuri wa posta na stempu. Stempu za Uingereza haziandikwi jina la nchi, zina kichwa cha mfalme au malkia. Kichwa cha George wa Sita kinakupeleka kati ya 1937 na mwanzo wa miaka ya 1950, cha Malkia Elizabeth kinamaanisha barua ni ya mwishoni mwa 1952 au baadaye. Linganisha na miaka ya shule ya bibi. Usibandue stempu, na usizitenge barua na bahasha zake. Zipige picha pande zote mbili zikiwa pamoja kabla ndugu hawajaanza kugawana.

Kisha soma yaliyomo kwa ajili ya mambo ambayo yangeweza kuwa ya mtu mmoja tu: jina la mume, kuzaliwa kwa mtoto, ugonjwa, kuhamishwa kazi. Andika kila tukio na mwaka wake, halafu uwaulize wajomba kuhusu matukio hayo bila kutaja barua. Wakikupa miaka ileile, mabishano yanakwisha yenyewe.

Baada ya hapo nenda kwenye kitabu cha ubatizo, na hapo jihadhari na lugha. Kwenye vitabu vya Kianglikana vilivyoandikwa na Waingereza utakuta Margaret, au mkato Margt, ambao t yake mara nyingi imeinuliwa juu kidogo ya mstari. Kwenye vitabu vya zamani vya Kikatoliki maandishi ni ya Kilatini, na jina huwa Margarita. Likiwa baada ya neno baptizavi, lenye maana ya nimembatiza, litaandikwa Margaritam, na hiyo m ya mwisho ni ya sarufi tu. Wamisionari Wajerumani waliandika Margarete au Margareta. Peggy hutaliona humo, kwa sababu padri huandika jina la ubatizo, si la nyumbani. Ukitafuta kwenye hifadhidata za mtandaoni, andika Marg kisha alama ya nyota, pale programu inapoiruhusu. Itakuletea Margaret, Margery, Margarita na Marguerite kwa pamoja. Rudia kwa Magr na kwa Peg.

Ikiwa barua zinahitajika kwenye shauri la mirathi, jina la kudekeza peke yake halitoshi. Mtu aliyemfahamu marehemu kwa muda mrefu aape mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, kwamba Margaret binti fulani na Peggy anayetajwa kwenye barua za tarehe fulani ni mtu mmoja. Ziorodheshwe barua zote kwa tarehe, na cheti cha ubatizo kiambatanishwe.

Sasa mtoto wa mdogo wako. Ushauri wangu ni kuandika Margaret kwenye cheti na kumwita Peggy nyumbani. Mwenye Margaret kwenye cheti anaweza kuwa Peggy, Maggie, Meg au Rita kadiri anavyokua na apendavyo, bila kugusa karatasi yoyote. Mwenye Peggy kwenye cheti hana pa kwenda ila kubadili jina kisheria, na maana ya lulu haimo kwenye cheti chake. Kama familia inataka jina la kwenye barua lionekane, liwekwe la pili, Margaret Peggy, ingawa kwa Mwingereza hilo litasikika kama jina limetajwa mara mbili.

Kilicho muhimu zaidi ni tahajia. Tanzania jina hili linaandikwa Margaret, Margareth, Magreth na Magret, na maumbo mawili ya mwisho yameiangusha r ileile iliyoanguka kwenye Mag. Yote ni sahihi kama majina, lakini kwa ofisi ni majina manne tofauti. Chagueni moja siku ya kujaza fomu ya kizazi, liandikeni kwa herufi kubwa, na kabla ya kuondoka dirishani soma cheti herufi kwa herufi. Kisha tahajia hiyohiyo iende kwenye kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, usajili wa darasa la kwanza na baadaye kitambulisho cha taifa. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi mtoto akiwa mchanga. Akishafanya mtihani wa taifa kwa jina lenye h ambayo cheti cha kuzaliwa hakina, ataanza kuapa viapo vya majina kila anapoomba kazi au pasipoti.